Kumbukumbu ya mradi: kuzipanga upya lebo za bia za Afrika Mashariki

Januari hadi Machi

Katika mkutano wa kwanza wa mwaka huu, chama chetu cha wakusanyaji wa lebo za bia kiliamua kuupanga upya mkusanyo wa pamoja, ambao tangu mwanzo ulifuata majina ya bia kwa mpangilio wa alfabeti, ili sasa ufuate nchi, mji wa kiwanda na kipindi cha uchapaji. Kazi hiyo nilikabidhiwa mimi, pamoja na wanachama wawili wa Dar es Salaam na mmoja wa Moshi, na kumbukumbu hii ninaiandika ili wenzetu walio mbali wajue tumefikia wapi.

Sababu ya uamuzi huo ilionekana wazi tulipoifungua albamu ya herufi P. Lebo zote za Primus zilikuwa zimebandikwa kwenye kurasa zinazofuatana kana kwamba ni za bia moja, ilhali Primus imepikwa na kiwanda cha Bralima nchini Kongo, na Bralirwa huko Gisenyi nchini Rwanda ambako ilianza kuuzwa mwaka 1959, na vilevile na Brarudi nchini Burundi. Mtazamaji aliona rangi zinazofanana na maandishi ya Kifaransa, akafunua ukurasa unaofuata. Tulipozitenganisha kwa miji, kila fungu likaanza kueleza historia yake, na ikadhihirika pia kwamba Burundi tunayo kidogo sana, jambo ambalo mpangilio wa zamani ulikuwa umelificha.

Kazi ya kuzipa lebo umri imechukua muda mrefu kuliko zote, kwa kuwa lebo nyingi za bia hazichapwi mwaka. Tunachotegemea ni maandishi madogo yaliyo ukingoni, hasa jina la nchi na la mji. Lebo inayotaja Tanganyika peke yake kwa kawaida ni ya kabla ya mwisho wa mwaka 1964, kwa sababu jina Tanzania lilianza kutumika rasmi mwezi Oktoba mwaka huo. Elisabethville na Leopoldville zilibadilishwa kuwa Lubumbashi na Kinshasa mwaka 1966. Zaire inaiweka lebo kati ya 1971 na 1997. Usumbura inatupeleka nyuma ya uhuru wa Burundi wa mwaka 1962, au karibu yake sana. Lazima hata hivyo kuacha nafasi ya miezi kadhaa baada ya kila tarehe, kwa maana hakuna mwenye kiwanda atakayetupa marobota ya lebo zilizokwisha chapwa eti kwa sababu serikali imebadilisha jina la mji.

Pale ambapo jina la nchi halisaidii, tunaangalia vipimo. Ujazo ulioandikwa kwa aunsi au painti unaashiria kipindi cha kabla ya nchi zetu kuhamia vipimo vya metriki, mabadiliko yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa upande wa Kenya tunayo alama nyingine ya kuaminika zaidi, nayo ni maonyo ya afya, kwa kuwa sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 ilitaka maonyo hayo yachukue sehemu isiyopungua asilimia 30 ya eneo la kifungashio. Wachoraji wa lebo walilazimika kubana michoro yao, na ukiziweka pamoja lebo za kabla na baada ya sheria hiyo huhitaji kuambiwa ipi ni ipi. Kwa maoni yangu zile za kabla ni nzuri zaidi kwa sura, ingawa sitarajii wizara yoyote ya afya ikubaliane nami.

Aprili

Mwezi huu wote ulikwenda kwenye Tusker, na sijutii.

Kila mkusanyaji wa eneo hili anaijua habari ya asili yake: kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst, na mwaka uliofuata George akauawa na tembo akiwa mawindoni, ndipo bia ikapewa jina la mnyama yule yule na picha yake ikawekwa kwenye lebo. Habari hiyo inarudiwa kila mahali na hatukuwa na la kuongeza. Tulichokitaka sisi ni kufuatilia Tusker iliyopikwa upande wa Tanzania, kwa sababu hapo lebo zinaonyesha vita vya kibiashara ambavyo mnywaji wa kawaida aliviona kwa jicho la pembeni tu.

Mwaka 1993 serikali ya Tanzania iliiuzia South African Breweries nusu ya hisa za Tanzania Breweries, kampuni iliyokuwa mikononi mwa umma tangu zama za Azimio la Arusha. Wakenya nao wakajenga msingi Moshi kupitia Kibo Breweries, na Waafrika Kusini wakajibu kwa kufungua kiwanda Thika mwaka 1998, si mbali sana na makao makuu ya wapinzani wao pale Ruaraka, Nairobi. Mwaka 2002 pande mbili zilichoka, zikapatana: kiwanda cha Thika kikafungwa, cha Moshi kikafungwa, kila kampuni ikachukua asilimia 20 ya hisa katika kampuni ya mwenzake, na Tusker ya Tanzania ikaanza kupikwa kwa leseni na Tanzania Breweries, yaani na wale wale waliokuwa wakipigana nayo. Mapatano hayo yalivunjika baada ya miaka michache. Mwaka 2010 East African Breweries, kampuni mama ya Kenya Breweries, ikanunua hisa nyingi za Serengeti Breweries, na Tusker ikahamia huko.

Kwa hiyo ukurasa wetu wa Tusker ya Tanzania una safu tatu: ya Moshi, ya leseni na ya Serengeti. Tembo hakubadilika sana katika safu zote tatu, na mtu asiyesoma maandishi madogo atasema tumebandika lebo moja mara nyingi. Safu ya Moshi ndiyo yenye mapengo. Mwanachama wetu wa huko, mzee aliyewahi kufanya biashara ya jumla ya vinywaji, ameahidi kuwauliza wenzake wa zamani, na alipotukabidhi bahasha ya kwanza alisema, "Wanangu, hizi tulikuwa tunazikwangua tukizitupa." Upande wa pili wa mpaka tunatafuta lebo za Castle, bia ya Waafrika Kusini, zilizotoka Thika, ambazo muda wake wa kuchapwa ulikuwa miaka minne tu. Wenzetu wa Nairobi wanazijua, wanazo, na hadi sasa wanazibana. Tumewapa orodha ya tulivyo navyo vya kubadilishana, zikiwemo lebo za Safari za miaka ya mwanzo, bia iliyoanza kuuzwa mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika.

Mei

Wanachama wapya kadhaa wameomba maelezo ya namna ya kubandua lebo, nami ninayaandika hapa mara moja ili nisiyarudie kwenye kila barua.

Chupa ya bia katika nchi zetu ni mali ya kurudishwa. Hutoka kiwandani, huenda kwa wakala, baa, kisha hurudi ndani ya kreti, na kiwandani huoshwa kwa maji yenye kostiki soda yaliyochemshwa hadi karibu nyuzi 80. Lebo inatengenezwa kwa kuzingatia safari hiyo: gundi yake lazima iachie ndani ya maji, na karatasi yake lazima ibaki nzima isije ikageuka uji na kuziba mashine. Mkusanyaji ananufaika na sifa hizo zote mbili. Kinachotakiwa ni ndoo ya maji ya uvuguvugu, saa moja au mbili za subira, na kutoivuta lebo. Lebo iliyo tayari huteleza yenyewe. Chupa huoshwa, hurudishwa kwenye kreti siku hiyo hiyo, na mwenye baa hapotezi chochote, jambo linalotusaidia kubaki na marafiki katika baa nyingi. Mweka hazina wetu hajawahi kuonja bia maishani mwake, lakini wahudumu wanamwekea chupa tupu kwa uaminifu kuliko wanavyotuwekea sisi tunaokunywa.

Gundi ikikaidi, kijiko cha magadi kwenye maji husaidia, ila tahadhari ichukuliwe kwa lebo zinazong'aa kama fedha au dhahabu. Mng'ao huo ni utando mwembamba sana wa aluminiamu, na magadi huula. Lebo iliyoingia ikiwa na mlima wenye theluji inayometa hutoka na mlima wa kijivu. Hizo zipewe maji matupu na muda mrefu zaidi. Chupa zinazotengenezwa kwa soko la Ulaya ni habari nyingine, maana nyingi hubandikwa stika zisizojali maji. Kwa hizo tunajaza chupa maji ya moto kwa uangalifu, tunasubiri gundi ilainike, kisha tunainua pembe moja kwa wembe na kuvuta polepole sana, tukiipokea stika juu ya karatasi ya kuokea.

Baada ya hapo upande wa nyuma usafishwe kwa sponji mpaka utelezi wa gundi uishe, lebo ilazwe juu ya kitambaa safi cha pamba, na ikikaribia kukauka iwekwe chini ya vitabu vizito. Magazeti hayafai, kwani wino wake huhamia kwenye lebo. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali nayo haifai, maana mingi ni ya PVC, ambayo baada ya muda huharibu karatasi na wino. Karatasi isiyo na asidi na vipembe vya picha vinatosha. Kwa sisi wa pwani adui mkubwa ni unyevu, na albamu zote sasa zinakaa kwenye kabati la chuma lenye vipakiti vya kunyonya maji, ambavyo hubadilishwa kabla ya masika.

Juni hadi Agosti

Mkutano wa katikati ya mwaka ulitawaliwa na mjadala wa zamani: je, lebo mpya kabisa, iliyotoka moja kwa moja kwa mchapaji bila kugusa chupa, iwe na thamani sawa na iliyobanduliwa? Wanaoitetea lebo mpya walisema kwamba inahifadhi rangi na umbo, na kwamba katika vyama vya Ulaya, ambako uhusiano wa wakusanyaji na viwanda ni wa miongo mingi, wengi wanaikubali bila swali. Sisi wa upande mwingine tulijibu kwamba lebo mpya inaweza kuwa jaribio lililokataliwa, au mchoro ambao haukuwahi kufika sokoni, wakati iliyobanduliwa ina mikwaruzo ya kreti, na mara nyingine muhuri wa tarehe unaothibitisha kwamba kuna mtu aliinunua. Mimi sifichi upande wangu: lebo yenye kona iliyochanika, ambayo ninajua ilikuwa juu ya meza ya baa mjini Jinja, naithamini kuliko robota zima la lebo safi. Hatimaye tulikubaliana zote zihifadhiwe, kila moja ikiandikwa nyuma kwa penseli jinsi ilivyopatikana.

Jinja nimeitaja kwa sababu fungu la Uganda limekua vizuri msimu huu. Uganda Breweries ilianza mwaka 1946 pale Port Bell, bandari iliyopewa jina la gavana Hesketh Bell, na lebo za bia yake ya Bell tulizo nazo sasa zinaonyesha mabadiliko ya kutosha kujaza kurasa kadhaa. Za Nile, kiwanda cha bia cha Jinja, ni chache kwa vipindi vya kati. Kiwanda hicho kilikuwa cha familia ya Madhvani, ambayo ilifukuzwa nchini pamoja na Waasia wengine mwaka 1972, na lebo za miaka iliyofuata, kiwanda kikiwa mikononi mwa serikali, ndizo tunazozihitaji. Yeyote aliye na ndugu Busoga anaombwa aulize.

Tulifanya pia onyesho dogo la siku moja. Meza iliyovuta watu wengi haikuwa ya lebo za kale kama tulivyotarajia. Ilikuwa ile ya tembo, ambapo tuliweka Tusker ya Kenya, Ndovu ya Tanzania na Tembo ya Lubumbashi, na watoto waliokuja na wazazi wao wakashindana kuamua tembo yupi amechorwa vizuri. Wengi walimchagua Ndovu. Mgeni mmoja aliuliza kwa nini hatukuweka Senator ya Kenya. Tukamweleza kwamba bia ile, iliyoanzishwa mwaka 2004 ili kuwavuta wanywaji kutoka kwenye pombe haramu, huuzwa kutoka kwenye pipa, na pipa halitupatii lebo.

Yaliyobaki

Fungu la Kongo halijaguswa zaidi ya kutenganishwa kwa miji, na litahitaji mtu anayesoma Kifaransa vizuri kuliko mimi. Upigaji picha wa lebo zote kwa skana umefika mwisho wa Tanzania. Kenya itaanza baada ya mkutano wa Oktoba, ambao utafanyika Moshi, na meza ya kubadilishana itafunguliwa saa tatu asubuhi. Wanaokuja na lebo za Kibo Breweries wanaombwa watuonyeshe sisi kwanza kabla hawajakutana na wenzetu wa Nairobi.