Siku moja maishani mwangu: nesi wa kliniki ya watoto, Iringa

Saa 1 asubuhi. Ukungu bado umelalia mashamba ya mahindi, na akina mama wameshajaa kwenye mabenchi ya zahanati, watoto wamefungwa mgongoni kwa vitenge na blanketi. "Kamwene!" "Kamwene!" Kabla ya kumgusa mtoto yeyote naijaribu mizani kwa jiwe la kilo 5. Ikisoma pungufu, siku nzima nitaandika uongo kwenye kadi za watu.

Saa 2. Sweta, kofia, soksi, nepi, vyote vinavuliwa. Kwa baridi yetu hii akina mama hunung'unika na ninawaelewa, kwa hiyo tunafanya haraka. Aliye chini ya miaka miwili tunamlaza kwenye ubao, aliyefikisha miwili anasimama. Mtoto yuleyule akilala huzidi urefu wake wa kusimama kwa kama sentimita 0.7, ndiyo maana naanza na tarehe ya kuzaliwa.

Kumlaza kunataka watu wawili: mmoja ashike kichwa kiguse ubao, mwingine anyooshe magoti na kusogeza kibao cha miguuni. Mwaka wangu wa kwanza kazini, siku ya foleni ndefu, nilipima peke yangu. Mtoto alikunja goti, nami nikaandika nilichokiona. Mwezi uliofuata kadi ikaonyesha amerefuka sentimita 4, mama akashangilia. Ilinibidi nimweleze ukweli. Sijapima peke yangu tena.

Saa 4. Mvulana wa miezi 23, mashavu yamejaa, anacheka na kila mtu. Kilo 10.6. Utepe wa kupima unene wa mkono unasoma sentimita 14.8, kijani kabisa, yaani hajakonda. Urefu: 79.2. Tunarudia, 79.2. Mvulana wa umri wake kwa kawaida hukaribia 87.

"Sista, sisi kwetu ni wafupi tu, ukoo mzima," mama ananiambia.

Jibu hili nalisikia kila wiki, na ndilo linaloniumiza zaidi katika kazi hii. Viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wakilishwa vizuri na kutunzwa vizuri, watoto wa nchi zote hizo walirefuka kwa kukaribiana sana. Mkoa wetu unalisha wengine mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wetu chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 30. Na mtoto aliyedumaa si lazima akonde. Ukimtazama kwa macho tu, unamsifia.

Namuuliza mtoto anakula nini. Uji wa mahindi, asubuhi na mchana, akiwa kwa bibi yake. Mama yuko shambani. Kuku wapo. Mayai yanauzwa.

Saa 8 mchana. Shule ya msingi, darasa la sita. Hapa tunapima kusimama, kisha kukaa, ili tujue kiwiliwili ni kiasi gani na miguu kiasi gani. Wavulana wanainua visigino. Kila mmoja anapimwa nyuma ya pazia na namba haisomwi kwa sauti.

Binti wa miaka 12 ananinong'oneza: "Sista, wananiita korongo. Miguu yangu ina tatizo?"

Namkalisha. Namweleza kwamba wakati wa balehe nyayo na miguu hutangulia, kiwiliwili hufuata baadaye. Kwamba alipozaliwa kichwa chake kilikuwa robo ya urefu wake wote, na akiwa mtu mzima kitakuwa kama sehemu moja ya nane. Mwili haukui pote kwa mara moja. Anatazama magoti yake, halafu ananiuliza kiwiliwili kitaanza lini.

Saa 11 jioni. Najaza rejista. Kwa yule mvulana nimeandika 79.2, na pembeni: kesho saa 3, nyumbani kwa bibi.