Siku moja maishani mwangu: mtafiti wa ujumuishi makazini, Dodoma

Natafiti ujumuishi, yaani kama kila mfanyakazi anahesabika kweli kazini au yupo tu. Watu wakisikia natafiti mambo ya menejimenti wanajua nashinda kwenye kiyoyozi, wengine wanajua nimetumwa kukagua. Basi ngoja niwaonyeshe siku ilivyo. Kiwanda sikitaji na vitu vingine nimevibadilisha, asijulikane mtu.

Saa 11 alfajiri nimeamka, rekoda ina chaji, fomu za ridhaa zipo, chai, daladala ya mjini, nyingine ya Kizota.

Saa 2 niko getini na mkalimani wa lugha ya alama. Mlinzi kasoma kibali mpaka mhuri, katuambia tumsubiri afisa utumishi. Saa 3. Saa 4. Upepo na vumbi la Dodoma mnalijua, tumekaa kwenye benchi tunapigwa tu, na mkalimani ana kazi nyingine saa 9 mchana kwa hiyo kila dakika inayopita naiona inaondoka na mahojiano yangu.

Saa 5 ndo kaja. "Dada, hapa kwetu hakuna ubaguzi. Wagogo wapo, Wasukuma wapo, Wachaga wapo, akina mama wapo, walemavu tunao, unatafuta nini tena?" Akanitolea listi, na kweli kafanya kazi, maana sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe nao angalau asilimia 3, na yeye anao. Nikamshukuru kwa moyo wote, wengi hata listi hawana. Afu akasema, "Sawa, wahoji, ila na mimi nitakaa hapohapo." Nikamwambia haiwezekani kaka, mtu hawezi kusema ukweli wake bosi akiwa pembeni. Akasema hapo hapana siri. Nikamwonyesha fomu ya ridhaa, akapiga simu kwa mkubwa wake, mkubwa yuko kwenye kikao Mtumba, kule mji wa Serikali, hapokei, tukarudi kwenye benchi. Nilichoka jamani. Ila kwenye hilo silegezi, nikilegeza hapo utafiti wote umekufa.

Mkubwa kapokea saa 8 kasoro. Tukapewa chumba.

Tukaanza na dada mmoja kiziwi, ndo maana nilikuja na mkalimani. Yumo kwenye listi, kahesabiwa. Ila kila asubuhi kabla ya kazi kuna mkutano mfupi wa kusimama, na yeye anasimama na wenzake anaangalia midomo tu. Zamu ikibadilishwa anajua akiona wenzake wanaondoka. Afu akasema kitu kilichonifanya niache kuandika: mashine ikianza kuharibika yeye anajua mapema, anausikia mtetemo mikononi umebadilika. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwaka 2011 mtafiti wa menejimenti Lynn Shore na wenzake waliandika kwamba kujumuishwa kuna pande mbili, mtu ajione ni wa kundi na hapohapo upekee wake uthaminiwe. Huyu dada hana hata upande mmoja, na asilimia imetimia!

Mkalimani kaondoka, nikaendelea na wengine. Mama mmoja ananyonyesha, sheria ya ajira ya 2004 inampa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ila anakaa mbali, Nala, na hapo kiwandani hakuna chumba cha kunyonyeshea, hizo saa zinaishia barabarani. Wengine wanaosimama nyuma kwenye ule mkutano wakasema hata wao hawasikii kwa kelele za mashine.

Sijui nilifika nyumbani saa ngapi, giza lilishaingia. Kula, kuoga, headphone masikioni, kuandika neno kwa neno, na hii ndo kazi watu hawaioni maana rekodi fupi tu inakula usiku mzima. Kinachoniumiza kichwa ni ripoti. Dada wa watu ni kiziwi pekee pale, nikiandika "mfanyakazi kiziwi kasema" nimeshamtaja, na nikinyamaza anabaki anaangalia midomo. Nimeamua pendekezo lianzie kwa wale wa nyuma: mambo ya mkutano wa asubuhi yaandikwe ubaoni, kila mtu asome. Hilo la mtetemo ni lake, siligusi mpaka yeye mwenyewe aniruhusu.