Siku moja maishani mwangu: naanzia kwa ng'ombe

Saa 11 alfajiri. Nakama mbuzi, nabandika chai. Simu ya kazi imezima tena, naikimbiza kwa jirani mwenye sola.

Saa 2. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kajiado, Kenya. Nyumba zangu ni kama 100, posho shilingi 5,000 kwa mwezi, ikifika.

Saa 4. Nimefika kwa mzee aliyebaki na ng'ombe wanne baada ya ukame wa 2020 hadi 2023, ule ulioua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini. Nainamisha kichwa, ananigusa utosini.

Mafunzoni tulipewa maswali tisa ya kupima sonona, ugonjwa wa huzuni nzito: wiki mbili zilizopita, umekosa raha? Umekosa usingizi? Mara ya kwanza nilimsomea vilevile karatasi ilivyosema. Akakaza macho kwenye rungu lake: "Niko sawa, mwanangu." Leo karatasi imebaki mkobani.

"Papa," yaani baba, namuuliza, "yule dume mwenye baka jeupe alifia wapi?"

Saa nzima ananisimulia, ng'ombe mmoja mmoja, rangi yake na mama yake. Kisha, bila kuulizwa: zizi likiwa kimya usiku, hapati usingizi. Mawazo mengi. Siku moja aliingia porini hataki kurudi. Hapo sizunguki, namuuliza kama anawaza hivyo hata leo. Leo hapana. Hakumwambia mtu, aliogopa polisi. Namweleza kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Ananifanya nirudie.

Saa 7. Zahanati, wawili kwa bodaboda moja. Foleni, daktari, dawa, tarehe ya kurudi.

Saa 9. Mzee nimemrudisha kwake, nami nimeenda kwa rafiki yake wa osotua. Neno hilo kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, ni kiungamwana, ule uzi wa kitovu. Waliofungwa nao hupeana mifugo bila kuandikiana deni, ila mwenye shida ndiye huomba.

"Mtamba yupo," anasema. "Aje mwenyewe."

Na mzee wangu anaona haya. Ameona haya miaka mitatu. Dawa anaweza kumeza peke yake, lakini kuomba lazima atoke bomani, akae na mwenzake, anywe chai. Sijui kipimo cha zahanati kinachozidi hicho. Nampigia simu, namfikishia maneno hayo tu. Anakata bila kujibu.

Saa 1 usiku. Najaza ripoti kwenye simu. Yeyo, mke wa mzee, anapiga: mzee anaulizia fimbo yake ya safari iliwekwa wapi.