Unajua Baada ya Kuambiwa

"Shangazi, mbona wewe kila kitu unakijua baada ya kuambiwa?"

Hakusema kwa ubaya, na ubaya wenyewe uko hapo. Angekuwa ananichokoza ningemchokoza nami, mambo yakaisha. Lakini aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza saa, kisha akarudisha macho kwenye televisheni.

Wiki hii idara yetu imeunganishwa na wale wa ghorofa ya juu, binamu yetu ameoa na sisi tumeziona picha tu, na ile kompyuta niliyowalilia hapa hatimaye imekata roho. Habari zipo. Ila kila nikikaa kuandika, mkono unakwenda wenyewe kwenye sebule ya kaka.

Ilikuwa hivi. Mnajua wanavyokaa wale: kaka amelala kwa kisingizio cha kutazama, wifi yuko na simu yake, bwana mdogo, mtoto wao, yuko sakafuni, miguu juu ya kochi. Kipindi cha chemsha bongo kinaendelea. Swali likatoka: ni sayari gani inayotumia muda mrefu zaidi kujizungusha mara moja kuliko kulizunguka Jua?

"Hiyo naijua!" nikasema.

Na kweli naijua. Nilikuwa nauona ukurasa nilikoisoma: upande wa kushoto, tufe la manjano lililofunikwa na mawingu, na chini yake namba mbili. Siku 243 kujizungusha, siku 225 kulizunguka Jua. Namba ninazo, mawingu ninayo, jina ndilo sina. Najua linaanza na Z. Na kila nikifungua mdomo linataka kutoka Zohali. Zohali ni ile yenye pete, wala sina shaka kwamba siyo, lakini imekaa mlangoni na hainipishi.

"Inaanza na Z," nikawaambia. "Si Zohali. Ile nyingine."

Mshiriki mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akabonyeza kitufe, akasema "Zuhura" bila hata kutikisika.

"Si nilisema!"

Hapo ndipo bwana mdogo akauliza swali lake. Na wifi, bila kuinua macho kwenye simu, akasema, "Mwache shangazi yako."

Sasa hiyo "mwache shangazi yako" ndiyo sijaimaliza mpaka leo. Mwache kwa nini? Mwache kwa kuwa ni mkubwa wako na wakubwa hawaulizwi hivyo? Au mwache kwa kuwa ni kweli, na kweli nyingine haisemwi mbele ya mwenyewe? Nimeijaribu kwa sauti zote. Nikiitamka haraka ni adabu tu. Nikiitamka polepole ni huruma, na huruma ya wifi siitaki. Majibu nimetunga ya kutosha, mengi nikiwa naoga. Zuri kuliko yote lilikuwa, "Mwanangu, hata mwalimu wako anajua kwa kuwa aliambiwa." Limechelewa, na bado halijibu alichouliza.

Kinachoniudhi ni kwamba mtoto amesema jambo la kitaalamu bila kujua. Kulitambua jibu na kulikumbuka jibu ni kazi mbili tofauti. Ukionyeshwa jibu, akili inalinganisha tu: hili nimewahi kuliona, ndiyo. Ukiulizwa bila kuonyeshwa, lazima uende ulikoliweka, ulitafute, ulilete. Mimi ni hodari wa hiyo kazi ya kwanza. Nasoma sana, mnanijua, na nikisoma mara ya pili kila kitu nakiona cha kawaida, najisikia nimeshiba elimu.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja likarudia kusoma, jingine likafunika karatasi na kujaribu kuandika lilichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yakageuka: waliojipima ndio waliobaki na vitu kichwani. Kwa hiyo hisia ile ya kushiba ni ya dakika 5. Nimeisoma habari hiyo mara mbili, kisha nikajicheka.

Na ile Z yangu? Nayo inajulikana. Mwaka 1966 Roger Brown na David McNeill waliwasomea wanafunzi maana za maneno adimu ya Kiingereza, wakawaomba wataje neno lenyewe. Waliokwama neno likiwa ulimini mara nyingi waliweza kusema linaanza na herufi gani, hata lina silabi ngapi, na wengi walikuwa wakitaja maneno mengine yanayofanana nalo kwa sauti. Zohali yangu hiyo. Ningependa wifi asome hapo, lakini wifi hasomi hizi posti, anasema ni ndefu.

Hadi hapo nilikuwa bado nimenuna. Halafu juzi usiku nikaanza kusoma jinsi wale wa Jeopardy!, kipindi cha chemsha bongo cha Marekani, wanavyocheza, na moyo ukageuka ghafla.

Kule mshiriki haruhusiwi kubonyeza mpaka mwendesha kipindi amalize kusoma. Taa za pembeni ya ubao zikiwaka ndipo kitufe kinafunguka, na ukiwahi kinakufungia kwa robo sekunde, muda unaotosha kabisa mwenzako kukupita. Ukifanikiwa, una sekunde 5 za kutoa jibu. Sasa fikirini: washiriki watatu, wote wamesoma, wote wanajua mengi. Anayengoja mpaka jina limfike mdomoni ndipo abonyeze amekwisha. Anayeshinda anabonyeza kwa sababu anahisi kwamba anajua. Jibu analitafuta baadaye, ndani ya zile sekunde 5.

Yaani anasema "hiyo naijua!" kabla hajaipata. Kama mimi!

Niliinuka kitandani. Na hisia yenyewe si ubabaishaji. Mwaka 1965 J. T. Hart aliwauliza watu maswali ya maarifa ya jumla. Yaliyowashinda akawauliza kama wangelitambua jibu wakionyeshwa. Waliosema ndiyo walilitambua mara nyingi zaidi kuliko waliosema hapana. Baadaye Lynne Reder aliwafanyia watu jaribio lililoigiza kabisa kipindi cha chemsha bongo, akaona kwamba mtu huweza kuamua kama anajua kwa muda mfupi kuliko anaouhitaji kulitoa jibu lenyewe. Kichwa kina mlinzi wa getini anayejua nani yuko ndani hata kabla hajaenda kumwita.

Ninayempenda katika habari hizi ni John Carpenter. Novemba 1999, kwenye Who Wants to Be a Millionaire ya Marekani, alifika swali la mwisho bila kutumia msaada wowote. Hapo ndipo akaomba kumpigia simu baba yake. Baba akapokea, na mwanawe akamwambia hahitaji kusaidiwa, alitaka tu kumjulisha kwamba anakwenda kushinda hiyo milioni. Kisha akamtaja Richard Nixon, akashinda. Huyo mlinzi wake wa getini ningemwajiri.

Na kuna ule mchezo wa Jeopardy! wa Februari 2011, ambapo kampuni ya IBM ilileta kompyuta yake, Watson, ishindane na Ken Jennings na Brad Rutter, mabingwa wawili wa kipindi hicho. Katika swali la mwisho la mchezo wa kwanza, ambalo kila mshiriki huliwekea dau, kundi likiwa miji ya Marekani, mashine ikajibu Toronto, iliyoko Kanada. Watu walicheka. Lakini iliweka alama za kuuliza mfululizo mbele ya jibu lake, na ilikuwa imehatarisha dola 947 tu. Ilikosea ikijua haina uhakika, na mwisho wa yote ndiyo iliyoshinda. Kujua kiasi cha unachokijua, nadhani, ni nusu ya mchezo, na nusu hiyo haionekani ukitazama kwenye kochi. Kochini "naijua" haigharimu kitu.

Nilitaka nimpigie wifi usiku ule ule nimsomee yote hayo. Bahati nzuri simu ilikuwa inachajiwa chumba kingine.

Asubuhi furaha ikapungua kidogo, maana nilikumbuka zile sekunde 5. Wenzangu wakishabonyeza wanalitoa. Mimi nilikuwa na dakika nzima na Zohali wangu.

Basi swali langu likabadilika: wanalitoaje? Nilikuwa nadhani wamemeza kamusi elezo. Kumbe dunia ya chemsha bongo ni ndogo kuliko dunia yenyewe. Miji mikuu, marais, mito, elementi, Shakespeare, washindi wa Nobel, vinarudi na kurudi. Roger Craig, mtaalamu wa kompyuta, alichambua maelfu ya maswali yaliyowahi kuulizwa kwenye Jeopardy! ili aone ni mada zipi hurudi zaidi na yeye ni dhaifu wapi, akajifunza hizo kwa programu ya kadi za maswali na majibu. Mwaka 2010 alijishindia dola 77,000 katika mchezo mmoja, rekodi ya wakati ule. Kadi hizo zinakurudia kwa vipindi vinavyorefuka: uliyoikosa inarudi mapema, uliyoipata inakaa mbali, inakuja pale tu unapokaribia kuisahau. Hermann Ebbinghaus alishaandika tangu 1885 kwamba kugawanya kujifunza kwa siku kadhaa kunashinda kujazana kwa mkupuo, na yeye alijitesa mwenyewe kwa silabi zisizo na maana yoyote. Heri yangu mimi na sayari.

James Holzhauer, aliyeshinda michezo 32 mwaka 2019, alijisomea vitabu vya watoto maktaba, kwa kuwa vina picha na vinaeleza kitu kizima kwa kurasa chache bila kukulaza usingizi. Hiyo ilinigusa vibaya. Ukurasa wangu wa tufe la manjano, nikiufikiria vizuri, ulikuwa wa kitabu cha bwana mdogo.

Wala hakuna anayejua yote. Ken Jennings alishinda michezo 74 mfululizo mwaka 2004, na aliangushwa na swali kuhusu kampuni ambayo wafanyakazi wake wengi wa msimu hufanya kazi miezi minne tu kwa mwaka. Akasema FedEx. Ilikuwa H&R Block, wale wanaowajazia watu fomu za kodi. Vita vyote, wafalme wote, milima yote, halafu kodi ya mapato. Swali hilo nimelipenda kupita kiasi.

Alhamisi nikampigia mtoto. Sikumgusia lolote, nilimwambia tu aniulize maswali kutoka kwenye vitabu vyake, yoyote, ila asinitajie jibu mpaka nikate tamaa mwenyewe. Akauliza, "Hata ukikaa sana?" Hata nikikaa sana. Tangu hapo anatumia simu ya mama yake kunirekodia. Anasoma swali polepole kama hakimu, halafu anahesabu moja mpaka tano, halafu kimya, na kimya chenyewe kimerekodiwa pia. Nasikia anavyopumua akinisubiri. Bahari iliyo kubwa kuliko zote nilimjibu kabla hajafika mbili. Mfupa mdogo kuliko yote mwilini ulinishinda, nikajua uko sikioni lakini jina hakuna, nikakataa kuambiwa. Ulikuja wenyewe kesho yake nikiwa kwenye lifti na wale wa ghorofa ya juu: kikuku. Nilikisema kwa sauti. Hawajanizoea bado.

Na kwenye rekodi ya jana, mwisho kabisa, baada ya tano, inasikika sauti ya wifi kwa mbali: "Haya, mwache shangazi yako alale." Nimeisikiliza tena na tena. Sauti ni ile ile ya siku ile, sina hakika kama ni haraka au polepole.

Haya. Jumatatu saa nne asubuhi nimeitwa na watu wa utumishi. Ujumbe wao una mstari mmoja tu, kwamba nije na vyeti halisi, si nakala. Nimeulizia kichinichini, na kwa wale wa ghorofa ya juu sijampata hata mmoja aliyeambiwa alete vyeti. Cha stashahada sijakiona tangu nilipohama, na kaka anasema maboksi yangu yaliyobaki kwake alishayafungua yote, hakuna kitu ila nguo na waya.