Sahani ya Wali Chini ya Mkorosho

Nauli ya matatu kutoka Mombasa hadi Kilifi ilipanda tukiwa tumeshakaa. Kondakta alisema foleni ya Mtwapa inakula mafuta, asiyetaka ashuke. Hakushuka mtu. Tangu alfajiri nilikuwa nimeshalipa basi la Tanga hadi Horohoro, nimeshapunjwa na wabadilisha fedha wa Lunga Lunga, nimeshavuka Likoni (feri kwa waendao kwa miguu ni bure, na hiyo ndiyo raha pekee ya siku ile), na sasa naongezewa shilingi 50 za Kenya kwa kiti kilichotoka sponji. Kutoka Kilifi mjini ni bodaboda tu, mchanga mwanzo mwisho, kuelekea upande wa Ganze. Bei ya bodaboda siitaji. Bado inauma.

Yote hayo ili kulitazama shirika lisilogawa kitu likikutanisha kijiji kizima kuzungumza juu ya mavi.

Neno lenyewe nimeliandika mapema ili tuzoeane nalo. Kiswahili chetu kina mlango wa uani kwa kila jambo zito: haja kubwa, msalani, kujisaidia, kinyesi. Pale chini ya mkorosho milango yote hiyo ilifungwa. Swali la kwanza la mwezeshaji lilikuwa wanakokwenda asubuhi. Watu wakacheka, wakaangalia chini. Mzee mmoja akajibu, "Twenda tsakani," yaani porini. "Na hicho unachokiacha huko tsakani, baba, chaitwaje?" Kimya. Mtoto ndiye aliyekitaja. Tangu hapo halikutumika neno jingine hadi jua linakuchwa. Ukisema kinyesi, watu wanasikia semina. Ukisema mavi, wanasikia mavi.

Mbinu hii, ya kuwafanya wanakijiji waamue wenyewe kuacha tsaka na kujichimbia vyoo, ilizaliwa Bangladesh, upande wa Rajshahi, mwishoni mwa 1999 kuingia 2000. Mtaalamu kutoka India, Kamal Kar, aliitwa kuutathmini mradi wa vyoo wa shirika la misaada la WaterAid na shirika la kienyeji la VERC, mradi uliokuwa ukiwapa watu ruzuku ya kujengea. Ushauri wake ulikuwa waache kugawa, wawaache wanakijiji wajitazame wenyewe kwanza. Kilifi ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa Kenya kuijaribu, mwaka 2007, kupitia shirika la Plan. Yeyote aliyewahi kufanya kazi hii anakijua choo cha msaada kilichogeuka banda la kuku, kwa hiyo sina haja ya kueleza kwa nini ushauri ule ulisikilizwa.

Gari waliliacha mbali, karibu na barabara, wakaja kwa miguu. Gari lenye nembo likiegeshwa uwanjani, mkutano umekufa kabla ya salamu: watu wanahesabu vyandarua na posho. Walikuwa wanne, na kila mmoja na kazi yake. Mmoja anaongoza mazungumzo. Wa pili anamsaidia na kumpokea akichoka. Wa tatu anaandika: kaya ngapi, nani kasema nini, nani kaahidi tarehe gani. Wa nne ndiye mlinda uwanja, na kwa macho yangu ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Watoto anawapeleka pembeni wakachore ramani yao, mlevi anamsikiliza kwa upole akiwa mbali na duara, na mzee wa kijiji anayetaka kuhutubia anaombwa asubiri. Wiki mbili kabla walishafika kuulizia siku isiyo ya soko wala ya matanga. Mkutano unaofanyika kijiji kikiwa msibani ni kazi bure.

"Mmetuletea nini?" aliuliza mama mmoja hata kabla hawajakaa.

"Hatukuleta kitu, mama. Tumekuja kujifunza mnavyoishi."

Ramani ilichorwa chini, kwa ukubwa wa nusu uwanja wa mpira. Majivu yalikuwa mipaka na njia, jani moja nyumba moja, na kila mtu akasimama juu ya jani lake. Kisha wakapewa pumba za mahindi wamwage pale wanapokwenda. Walimwaga kwa haya, pumba kidogo kidogo, mpaka mtu akauliza usiku wa mvua inakuwaje, au mtu akiharisha. Hapo pumba zikaanza kumwagwa karibu na majani. Kijana mmoja akatazama chini akaona pumba zimezunguka kisima.

Halafu wakatembea, na hapo ndipo mbinu nzima inaposimama au kuanguka. Wageni wanapelekwa kuonyeshwa tsaka lenyewe, na mwezeshaji anasimama palepale penye harufu, hasogei, anauliza maswali ya polepole: hili ni la leo au la jana? Hili jembamba la mtu mzima au la mtoto? Watu wanaziba pua, wanamvuta twende. Yeye yupo tu. Asichokiuliza ni la nani. Wapo waliokuwa wakiuliza hivyo, na lawama kwamba mbinu hii inadhalilisha watu zimetokana na wao kwa sehemu kubwa. Kwa lawama hizo mimi niko upande wa walalamikaji: kinyaa cha watu wote kinakijenga kijiji, aibu ya mtu mmoja inampa sababu ya kuhama.

Waliporudi chini ya mkorosho, msaidizi alikuwa amebeba donge moja juu ya jani la mgomba. Akaliweka chini, na hatua moja tu kando akaweka sahani ya wali na samaki, ya moto, inanukia nazi. Hakusema kitu. Nadhani zilipita dakika mbili. Nzi walitua juu ya jani, wakaondoka, wakatua juu ya wali, wakarudi kwenye jani. Watu mia na ushee wakawa wanafuata nzi kwa macho kama wanaotazama mpira. Kisha mwezeshaji akainua sahani akamkaribishia mzee wa mbele: "Karibu, baba."

Aliyeiona sura ya yule mzee hahitaji bango la kipindupindu.

Baadaye ikaja glasi ya maji safi. Kila aliyeulizwa alikubali kuyanywa. Mwezeshaji akang'oa unywele wake mmoja, akaugusisha kwenye lile donge, akautumbukiza ndani ya glasi. Maji hayakubadilika rangi. Hakunywa mtu. "Nzi ana miguu mingapi?" Sita. "Na kila mguu una vinyweleo." Mama aliyeuliza wameletewa nini ndiye aliyesema kwa sauti, "Kumbe twala mavi ya wenzetu," na yule wa tatu, mwandishi wao, akaandika jina lake, kwa sababu mtu anayelisema hilo bila kusukumwa ndiye atakayeongoza kazi wageni wakiondoka.

Hesabu ilimaliza mchezo. Kaya 60, kila kaya watu sita, na wenyewe wakakubaliana robo kilo kwa mtu kwa siku. Hiyo ni kilo 90. Kenya gunia la mahindi ni kilo 90. Kila siku inayopita kijiji kile kinamwaga gunia zima juu ya ardhi, magunia 365 kwa mwaka, na swali likabaki hewani: mvua ikinyesha, gunia huenda wapi?

Wakati huo huo akasimama afisa mmoja mgeni, aliyekuwa amealikwa kwa heshima tu, akachukua nafasi. Alieleza bakteria. Akaeleza sheria ya afya ya umma. Kisha, kwa nia njema kabisa, akasema ofisi yake ingeangalia uwezekano wa mifuko ya saruji. Nilihisi joto la mkutano likishuka kama maji ndani ya mchanga. Wanaume waliokuwa wanabishana nani aanze kuchimba walikaa chini. Mmoja akatoa simu. Mlinda uwanja alimkodolea macho mwezeshaji, na mimi nikaikumbuka nauli yangu.

Mwezeshaji hakubishana naye. Alimshukuru, akakusanya vitu vyake, akawaambia watu: "Basi sisi tunaaga. Tumejifunza. Mnaweza kuendelea kama mnavyoendelea, si lazima kubadilisha kitu. Ila kabla sijaenda, anayetaka kungoja saruji na asimame kule, na aliyechoka kula mavi ya jirani yake asimame hapa, tupige picha." Bibi mmoja mwenye mkongojo ndiye aliyesogea wa kwanza, akaja upande wetu, akisema saruji ameisikia tangu hajaolewa. Wengine wakamfuata. Watu wa shirika hawakumwambia mtu achimbe. Vijana ndio waliouliza ni futi ngapi.

Siku tatu zilizofuata sina la kusimulia isipokuwa joto, mbu, na chumba cha kulala wageni kilichotozwa bei ya hoteli ya ufukweni. Nirudi kwenye mashimo.

Udongo wa kule ni mchanga, na mchanga haupendi kona. Shimo la mraba linaanza kumomonyoka kwenye pembe. La duara kuta zake zinashikana zenyewe. Kipenyo ni mita 1, nafasi ya mtu mmoja na sururu fupi, na kina mita 3 kama maji ya ardhini yako mbali. Chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 kabla ya kufikia maji, na kisima kiwe mita 30 au zaidi. Penye mchanga mlegevu wanasuka tenga refu la fito, kama dema lisilo na mdomo, wanalishusha ndani kadiri wanavyochimba. Juu wanainua kingo ya udongo uliochimbuliwa, kiasi cha sentimita 20, maji ya mvua yasiingie. Mashimo mengi yaliyotitia masika iliyopita yalikuwa ya watu waliogeuza choo kuwa bafu pia: maji ya kuoga yanaulegeza mchanga, ukuta unakwenda. Ukiwacha nusu mita ya juu bila kujaa, shimo hilo linaihudumia familia ya watu sita kati ya miaka mitano na minane, kutegemea wanatawadha kwa maji au wanatumia magunzi.

Magogo ya sakafu huliwa na mchwa. Wanayapaka oili chafu ya magari. Tundu lisizidi sentimita 20, la sivyo watoto wanaogopa na wanarudi tsakani. Kifuniko chenye mpini mrefu, konzi ya majivu kila baada ya kutumia. Nje kinaning'inia kile ambacho sisi tunakiita kibuyu chirizi: dumu la lita tano lililotobolewa kwa msumari wa moto, kamba, kijiti cha kukanyaga, sabuni iliyotobolewa katikati. Kibuyu kikavu ndicho kitu cha kwanza wakaguzi wanachokitazama wanapokuja kuthibitisha kwamba kijiji kimeacha kwenda porini.

Kilichonishangaza zaidi hakimo kwenye mwongozo wowote wa ujenzi. Nyumba moja ilikuwa na choo kizuri, kipya, na bado mkaza mwana alikuwa anakwenda porini. Hawezi kutumia shimo moja na baba mkwe wake. Heshima ya kule hairuhusu hata wapishane mlangoni. Mhesabu vyoo angeandika "kaya ina choo" akaenda zake. Mhudumu wa afya wa kijiji, mwenye kaya kama 100 za kutembelea, ndiye aliyelijua, kwa sababu aliuliza wanawake peke yao. Suluhisho likawa mashimo mawili yaliyopeana mgongo, milango ikitazama pande tofauti, na lile la pili lilichimbwa na vijana wa majirani kwa kupokezana.

Kwetu Tanga kazi ya kusaidiana hivyo tungeiita msaragambo. Njiani nikirudi niliwaza sana Mtu ni Afya, kampeni ya 1973, watu wapatao milioni 2 wamekaa vikundi vikundi mbele ya redio, wakizima kipindi kinapokwisha na kushika majembe. Miaka zaidi ya 40 baadaye tukaanza tena na kampeni ya vyoo, Nyumba ni Choo. Mashimo ya 1973 yalijaa, na aliyejua namna ya kuwaketisha watu chini ya mti alikuwa ameshastaafu.

Mpakani niliingia mgahawani kunywa chai. Choo cha kulipia, shilingi 20, mlango wa chuma, vigae vyeupe mpaka darini. Bomba lilikuwa kavu na sabuni haikuwepo. Nilipomuuliza kijana anayekusanya hela akaniambia, "Maji ni ya mteja, mzee. Hukubeba?"