Kuzisoma picha za Hogarth kuanzia kulia

Nilianzia Chiswick, magharibi ya London, na ndiyo njia ninayomshauri kila anayefuata kazi za William Hogarth, mchoraji na mchongaji wa Kiingereza wa karne ya 18. Ukishuka stesheni ya Turnham Green unatembea hadi barabara kuu inayonguruma magari; nyumba aliyoinunua mwaka 1749 imejificha nyuma ya ukuta. Bustanini umo mforosadi mkongwe. Kiingilio hakuna.

Anza hapa kwa sababu ukutani kuna chapa, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi, na chapa ndizo zilizomlisha. Picha ilichorwa kwanza kwa rangi za mafuta, kisha ikachongwa kwenye bamba la shaba. Bamba hupakwa wino, hufutwa ili wino ubaki ndani ya mistari tu, halafu hukandamizwa kwa nguvu juu ya karatasi yenye unyevu. Kinachotoka kimegeuka kama kiooni: cha kulia kimehamia kushoto. Hogarth alilijua hilo, akaipanga hadithi kwenye rangi kinyumenyume ili chapa isomeke sawa.

Ndiyo maana National Gallery, jumba la picha la London, mbele ya picha 6 za Marriage A-la-Mode, hadithi ya ndoa ya kupangwa, wageni wengi huisoma kinyume kwa kuanzia kushoto. Katika ya kwanza, kushoto wameketi wachumba waliopeana mgongo, na miguuni pao mbwa wawili wamefungwa mnyororo mmoja. Hayo ni matokeo. Chanzo kiko kulia: mzee mwenye cheo, baba wa bwana harusi, mguu umefungwa bandeji kwa jongo, anaonyesha mti wa nasaba yake, dirishani jumba lake jipya limekwama katikati ya ujenzi. Katikati tajiri wa mjini, baba wa bibi harusi, anasoma mkataba wa ndoa. (Kwa Waingereza wa wakati huo mali ilitoka kwa baba wa bibi harusi.) Aliyesoma chuoni kwa herufi za Kiarabu hatapata shida: aanzie kulia tu.

Kisha tafuta vitu vidogo. Doa jeusi shingoni mwa bwana harusi ni dalili ya kaswende. Katika picha ya mwisho, mtoto wao analo shavuni, na mguu wake umetiwa vyuma. Katika ya pili msimamizi wa nyumba anaondoka na fungu la madeni, na risiti ni moja tu. Ukizipita picha hizi kwa dakika tano utaona watu waliovaa vizuri, basi.

Jumba la makumbusho la Sir John Soane, Lincoln's Inn Fields, nalo ni bure. Chumba cha picha ni kidogo mno, na kuta zake ni mbao zenye bawaba, picha nyuma ya picha. Subiri mhudumu azifungue. Humo mna A Rake's Progress, picha 8 za kijana anayefuja urithi. Chapa zake Hogarth alizizuia hadi tarehe 25 Juni 1735, sheria ya kuwalinda wachongaji kwa miaka 14 ilipoanza kutumika. Wezi hawakungoja: walitumwa watu wakazitazame picha, wakaziiga kwa kukumbuka, na nakala zao zikatangulia sokoni.

Picha ya mwisho ni Bethlem, hospitali ya wagonjwa wa akili. Katika picha hiyo ya rangi usiitafute ukutani sarafu ya Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza. Hogarth aliiongeza kwenye bamba mwaka 1763. Ukiuziwa chapa yenye sarafu hiyo kwa maelezo kuwa ni ya 1735, irudishe.