Nilivyoandika habari za ngoma za Bujora bila kujua Kisukuma

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Kisambaa ndicho nilichonyonya, Kiswahili ndicho nilichosomea, na siku niliyoshuka stendi ya Nyegezi na begi langu, nikienda kuanza masomo ya uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Kisukuma nilikuwa sijui hata salamu. Mwaka wa pili ulipokuwa unakaribia kwisha nilikuwa nimeandika habari ya ukurasa mzima kuhusu mashindano ya ngoma za Wasukuma, na wenye ngoma wakasema sawa, ndivyo ilivyokuwa. Nataka kueleza nilivyofika hapo, kwa sababu nilianza kwa kuharibu.

Katika gazeti la mazoezi la darasa letu nilipangiwa ukurasa wa maisha ya chuoni. Nilizunguka sana Malimbe. Nikaandika uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, kodi za vyumba vya mtaani zinavyopanda muhula ukianza, bonanza, kwaya, wenzetu wanaoshindia chai na andazi wakisubiri boom. Habari hizo nilizipenda na bado nazipenda. Anayesubiri fedha ya mkopo ana haki ya kuandikwa kwa uangalifu uleule anaoandikwa waziri. Zilikuwa rahisi kwangu kwa jambo moja tu: wote niliowahoji walinijibu kwa Kiswahili.

Mwezi wa sita nikatumwa Bujora.

Bujora iko Kisesa, nje ya jiji la Mwanza, upande wa barabara ya Musoma. Hapo ndipo Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alipoanzisha makumbusho ya Wasukuma, na kuna kanisa lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya mtemi. Sikukuu ya Ekaristi, inayokuja siku 60 baada ya Pasaka, pale inaitwa Bulabo na inakwenda pamoja na mashindano ya ngoma. Wachezaji wana pande mbili, Bagika na Bagalu. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana nani ana dawa kali zaidi. Wakakubaliana watu ndio waamue: kila mmoja acheze na wafuasi wake, uwanja mmoja, wakati mmoja, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Desturi ikabaki hivyo. Unaweza kuimba vizuri kuliko wote, lakini watazamaji wakikimbilia upande wa pili, umeshindwa.

Hayo yote niliyajua baadaye. Mwaka ule wa kwanza nilifika saa kumi jioni, nikasimama karibu na turubai la wageni, nikapiga picha za wachezaji waliojiviringishia chatu shingoni, nikaandika jina la mgeni rasmi. Kiongozi wa waimbaji wa upande mmoja, ambaye Wasukuma humwita ningi, aliimba wimbo uliowafanya watu wapige makofi na kucheka. Nikamuuliza kijana wa sekondari aliyesimama kando yangu, anasema nini? Akanijibu, "Anamsifu mwenzake, anamwita simba." Nikaandika hivyo. Ningi wa upande huu amemsifu ningi wa upande ule. Nikaongeza na sentensi yangu kuhusu upendo na mshikamano.

Gazeti likabandikwa, na nakala moja ikafika kwa mama lishe tunayekula kwake, karibu na geti. Asubuhi moja akaniwekea supu mezani na asiondoke.

"Mwanangu, hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Nani kakwambia kasifiwa?"

Nikamweleza. Akaketi kwenye benchi. Kumbe ule wimbo ulikuwa na mistari minne na kijana wangu aliishia wa kwanza. Simba, ndiyo, lakini mistari iliyofuata ilisema ni simba gani: yule asiyewinda, anayengoja wenzake waangushe mnyama ndipo aje kula. Maana yake ni kwamba huyo mwenzake anaiba nyimbo za watu. Na huyo mwenzake alikuwa mjomba wake mama.

"Mjomba kachekwa uwanjani mbele ya watu, gazetini anasifiwa. Kwetu wakisoma watasema amekulipa."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, nikaenda moja kwa moja kwa dada aliyekuwa mhariri wetu, wa mwaka wa tatu. Nilikuwa nimeandaa sahihisho la mistari miwili la kuweka chini kabisa pembeni. Alilikataa. Alisema kosa lilikaa juu ya ukurasa kwa herufi kubwa, na sahihisho likae palepale. Toleo lililofuata likatoka hivyo, na jina langu chini yake. Namshukuru mpaka leo, kwa sababu ni karatasi ile ndiyo mama aliyompelekea mjomba wake, na mjomba akasema: huyo mtoto mlete.

Kisesa nilikwenda mara tano katika mwaka uliofuata. Sikujidanganya kwamba nitajua Kisukuma kwa miezi michache. Nilichojitahidi ni adabu ya kuingilia: mwangaluka asubuhi, mwadila jioni, wabeja nikipewa kitu. Mzee alikuwa akinijibu salamu yote kabla hajahamia Kiswahili, na nadhani kama ningeanza na "shikamoo, naomba mahojiano" tusingefika popote.

Kutoka kwake nilijifunza kitu ambacho hakuna darasa lililonipa. Nyimbo zile hazizaliwi uwanjani. Ningi anazitunga miezi mingi kabla, anawafundisha watu wake usiku, na kundi linazificha. Nikamwomba anipe maneno mapema niyaelewe. Alinipa yale ya kilimo, ya kushukuru mavuno, ya kuwakumbuka walimu wake wa ngoma. Alinitamkia taratibu, neno moja moja, nami nikiandika. Za kumpiga mpinzani hakunipa. "Hizo utazisikia na wenzako," akasema. Nikaona ana haki. Mwandishi akitembea na siri ya upande mmoja mfukoni, upande wa pili watajuaje kwamba haikuvuja? Kwa sababu hiyohiyo nikatafuta njia ya kufika kwa wale wa upande wa pili pia, nikakaa nao siku mbili, nikawaeleza wazi kwamba kwa mzee nimeshakwenda.

Kitu kingine ni majina. Wasukuma wengi wana majina yanayoanza na Ng'wana, mtoto wa fulani. Kuna anayeandika Ng'wana, kuna anayeandika Mwana, na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kwa sababu kila mmoja aliandikishwa shule na mwalimu wake. Nikawa nampa mtu daftari aandike mwenyewe, na asiyeandika nikamwomba mwanawe amwandikie, kisha nikamsomea. Inachukua dakika moja.

Siku ya Bulabo tulikwenda watatu, na tulifika saa tatu asubuhi, makundi yakiwa bado yanakaza ngozi za ngoma kwenye moto wa nyasi. Tuligawana kazi. Mmoja akakaa na watazamaji. Mimi nikabaki karibu na maningi na simu ya kurekodi. Wa tatu alipanda juu ya jiwe, maana Bujora kama Mwanza yote ina mawe makubwa, na kazi yake ilikuwa moja: kupiga picha ya uwanja mzima kila baada ya dakika kumi, akiwa amesimama palepale, simu imeelekea kulekule. Ndivyo tulivyoamua kupima watu. Mwaka wa kwanza ningeandika "umati mkubwa" na basi. Safari hii nilitaka niweze kusema umati ulikwenda wapi na saa ngapi.

Picha zile bado ninazo. Ya saa tisa kamili inaonyesha duara mbili karibu sawa. Ya saa tisa na dakika kumi, duara la kushoto limenenepa. Kundi lile lilikuwa limeingiza wachezaji wa bugobogobo, majembe yanarushwa juu na kudakwa kwa pamoja, chuma kinamulika jua. Ya dakika ishirini, upande wa kulia umebaki na safu mbili za watu, wengi watoto. Kisha picha ya dakika thelathini. Mzee wetu, aliyekuwa amekaa kimya kwenye kigoda muda wote huo huku vijana wake wakicheza, alisimama, akanyoosha mkono ngoma zikanyamaza, akaanza kuimba peke yake bila chombo. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Sauti haikuwa kubwa. Mama mmoja upande wa kushoto aligeuka, akamshika mwenzake mkono, wakaja. Wakaja na wengine. Kwenye picha inaonekana kama maji yamefunguliwa mfereji, vumbi limepanda kiunoni, na vijana wawili wa kundi la majembe wenyewe wamesimama na majembe yao wanatazama huku.

Usiku ule hatukuandika kitu. Kesho yake jioni nilikwenda kwa mama lishe na rekodi. Alikuwa anamenya viazi vya chipsi. Tukaiweka simu ndani ya bakuli tupu ili sauti ikue, naye akawa anasema, nami naandika, nasimamisha, narudisha nyuma. Nyimbo nne zilituchukua jioni mbili. Palikuwa na neno ambalo hata yeye hakulijua, la zamani, ikabidi tumpigie mjomba, akalieleza. Kila wimbo nilimsomea tena aliyeuimba, kwa simu, kwa Kiswahili, na kumuuliza kama ndicho alichokusudia. Ningi wa upande wa pili alinirekebisha mstari mmoja. Mstari mwingine niliuacha mwenyewe: ulimgusa mtu wa kijijini kwa mambo ya ndoa yake, na hakuwepo pale kujibu. Mwenzangu mmoja aliona nimepunguza utamu. Kwangu mimi, mtu yule hakupanda uwanjani kushindana na yeyote.

Habari ilianza na ule ukimya wa ngoma, saa tisa na nusu. Mgeni rasmi alikuwa aya ya tisa. Maneno ya wimbo yalichapwa kwa Kisukuma upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na picha nne za jiwe zikapangwa kwa mfuatano chini yake, kila moja na saa yake.

Mzee hakuhitaji gazeti sana, macho yamechoka. Aliomba rekodi. Nilimnakilia nyimbo zote kwenye memori kadi ya redio yake ndogo, pamoja na zile za wapinzani wake, ambazo alizitaka kwanza. Daftari la majina, lenye maandishi ya wenyewe, nilimwachia mdogo wetu wa mwaka wa pili aliyepokea ukurasa, nikampeleka Kisesa mimi mwenyewe kabla ya mitihani ili asifike pale mgeni. Njiani, ndani ya daladala, tulirudia salamu.